Ua la Mama Mkwe na Diski ya Pili

Mimi na wifi yangu tumefanya kazi chumba kimoja kwa miaka mingi kuliko niliyoishi kwa wazazi wangu, na bado watu wananiuliza kama tunaelewana. Tunaelewana sana. Kuna siku hatusemeshani mpaka jioni, lakini hiyo nayo ni namna ya kuelewana. Yeye ni dada mkubwa wa mume wangu, na duka la kudarizi ni lake. Mimi napiga pasi, nakata nyuzi zinazoning'inia, napokea wateja, na wale wanaohitaji kufukuzwa nawafukuza. Mdomo Mungu kanipa mimi, mikono kampa yeye, basi tukagawana kazi hivyo.

Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye mlango wa barabarani na dirisha moja, na dirisha nimelichukua mimi kwa sababu ya joto la pasi. Katikati imekaa mashine ya kudarizi. Ukutani kuna nyuzi zimepangwa kwa rangi, kuanzia nyeupe mpaka nyeusi, na ukichomoa kijani ukakirudisha penye bluu, wifi yangu atajua kabla hujageuka. Kona ya ndani ndiyo meza yake ya kompyuta, nayo jioni huifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe zamani, wakati vidole vyake bado vinamtii. Mume wangu akipita kutusalimia hupenda kukaa mlangoni awatanie wateja. Kijana mmoja aliuliza kama dukani kuna Wi-Fi, mume wangu akamjibu kwamba wamo wawili, ila wote wakali.

Wifi yangu ana sheria moja tu duniani, na usipoijua sheria hiyo hutamjua: kila kitu na mahali pake, na mahali penyewe pawe pamoja tu. Mkasi hauwezi kukaa leo mezani kesho kaunta. Kabati la chai lina vijiko, na vijiko haviwezi kuonekana kwingine hata kwa bahati mbaya. Nilipoolewa nilidhani ananiandama mimi. Kumbe hata mama yake mzazi alikuwa akirudishiwa miwani mahali pake kama mtoto wa chekechea, na bibi yule, ambaye hakuogopa mtu, alikuwa akimwogopa huyu.

Zamani alidarizi kwa mkono. Halafu mikono ikaanza kumtetemeka. Daktari akamwambia si ugonjwa, ni umri tu, na wifi yangu akatoka pale amenuna kwa kuambiwa hana ugonjwa. Hapo ndipo alipojifunza kompyuta. Anachora humo taratibu, nembo za shule, majina ya kushona kwenye makoti ya manesi, maua ya mashuka. Akikosea anafuta, na hakuna anayemwona akikosea. Mashine inachukua mchoro na kuushona. Kwa kifupi, kompyuta ile ndiyo mikono yake.

Mwanzoni ilikuwa kompyuta kama za watu wote. Lakini wateja walikuwa wanakuja na nembo zao kwenye flashi, na ndani ya flashi mlikuwa na nembo moja na virusi ukoo mzima. Siku moja akafungua akakuta mafaili yote yamegeuka majina ya ajabu. Alikwenda kwa Fundi Miwani, yule anayetengeneza kompyuta mtaa wa nyuma, akamwambia anataka kitu ambacho takataka za watu hazitaingia. Fundi akamwekea Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Wengine wangelia, maana ukitaka jambo lolote la maana unafungua dirisha jeusi na kuiandikia kompyuta amri kwa maneno. Yeye alilipenda dirisha lile. Alisema ni chombo kinachofanya ulichokiambia, si zaidi wala si pungufu, tofauti na watu anaofanya nao kazi. Nilijua anayesemwa ni nani.

Tangu siku ile flashi ikapigwa marufuku dukani. Wifi yangu husema flashi ni kama mswaki, haiazimwi. Wateja wakawa wanatuletea nembo kwenye nguo yenyewe, naye anaichora upya. Lakini kuchukia flashi kulikuwa na ubaya wake: kazi yake yote ya miaka yote ilikuwa ndani ya kompyuta moja, kwenye diski moja, kwenye folda moja inayoitwa Maua. Nilimwambia kwamba mtu haweki mayai yote kapu moja. Nani anamsikiliza mpiga pasi?

Na ndani ya folda ile mlikuwa na ua la mama mkwe.

Ua hili lazima nilieleze. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama mkwe alimdarizia blanketi, pembeni akaweka ua moja la petali tano. Petali moja ilikuwa fupi. Uzi ulimwishia, na akasema kurudi dukani kwa ajili ya petali moja ni kuidharau miguu yake. Mtoto wa pili, ua lilelile na petali fupi ileile, ila safari hii uzi ulikuwepo wa kutosha. Nikamuuliza. Akasema sasa ni desturi, na mimi niliyeikuta desturi nyumbani kwa watu niiheshimu. Wajukuu wake wote wanne walilalia ua lile. Watoto wakakua, mablanketi yakafuliwa yakafuliwa mpaka yakawa matambara, moja likapotea tulipohama. Mama mkwe alipofariki lilikuwa limebaki moja, na lenyewe lilikuwa linashikiliwa na huruma. Wifi yangu akalichukua, akakaa nalo mbele ya kompyuta siku nyingi, akahesabu uzi kwa uzi akilichora. Akalijaribu kwenye kipande cha kitambaa, akatazama, akakifumua palepale ili kisije kikaangukia mkononi mwa mteja. Wateja walioliona kwenye kioo cha kompyuta wakalitaka walikataliwa. Ua lile lilikuwa linamngoja mtoto. Blanketi la mwisho nalo likamalizwa na panya.

Basi mwaka huu kifungua mimba wangu, yuleyule wa ua la kwanza, akawa mjamzito. Wifi yangu alikata kitambaa cheupe laini, akakishona pindo, akakikunja, akakiweka mahali pake. Na wakati huohuo kompyuta ikaanza kulalamika. Kila ikiwashwa ilipiga kengele na kuleta maandishi kwamba diski imejaa. Kengele yenyewe ilikuwa ya kukera, ting, kama mteja asiye na adabu anayegonga kaunta na sarafu. Mchoro mmoja alishindwa kuuhifadhi. Akaogopa, akaenda kwa Fundi Miwani kununua diski ya pili.

Fundi Miwani ni mtu mzuri, lakini ana ugonjwa wa kusifu. Alimwambia hana haja ya fundi, yeye mwenyewe ni fundi, tena awafundishe vijana. Akamweleza hatua kwa hatua, kisha akafunga duka akasafiri kwenda kumwoza mdogo wake huko ambako simu hazishiki. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wifi yangu alirudi na diski mkobani, anatembea shingo imenyooka.

Nakubali kwamba alianza vizuri. Aliichomoa kompyuta kwenye umeme, akafungua ubavu wake, skrubu akaziweka kwenye kisosi na kunikataza kupumua karibu nacho. Diski akaisukuma kwenye nafasi yake chini ya ile ya zamani, akachomeka nyaya mbili, akafunga. Kompyuta ikawaka, ikaiona. Hatua ya kuisafisha na kuiandaa diski mpya ndiyo ya hatari, kwa sababu ukikosea jina unaisafisha ya zamani, na Linux haikuulizi mara mbili. Alisoma majina ya diski kwa sauti, akasoma ukubwa wa kila moja, akaniita nisome na mimi ingawa alijua sielewi. Kijasho chembamba kilikuwa kinatutoka wote. Akabonyeza. Ikaandaliwa ile mpya, salama salimini, nikaenda kuchemsha chai.

Ikabaki hatua ya mwisho, na ndiyo aliyoniambia ni rahisi. Kwenye Linux diski mpya haijitafutii pa kukaa. Unachagua folda, unaiambia: wewe kaa hapa. Fundi alikuwa amesema atengeneze folda mpya tupu, diski ikae humo, halafu ahamishie maua taratibu. Wifi yangu akafikiri. Folda mpya ya maua, na ya zamani ipo? Maua yakae mahali pawili? Yaani mkasi uwe mezani na kaunta? Moyo wake ulikataa. Akaiambia diski mpya ikae kwenye folda ileile ya Maua, ambako maua yamekaa siku zote, na akaiandikia kompyuta kwamba kila ikiwashwa ifanye hivyohivyo. Aliona amemzidi fundi akili. Kisha akaifungua Maua aone.

Nilikuwa namimina chai nikasikia kimya. Si kimya chake cha kila siku, hicho nakijua. Niligeuka nikamkuta amevua miwani, anaifuta kwa pindo la gauni, anaivaa, anatazama, anaivua tena.

"Wifi," akaniambia, "maua hayapo."

Folda ilikuwa tupu kama kiganja. Akazima kompyuta, akawasha. Ting, diski imejaa, folda tupu. Akazima tena, akawasha tena. Mimi nilifanya ninachokijua, nikawaka. Nikamtukana Fundi Miwani na mdogo wake na bibi harusi nisiyemjua. Nikaitukana diski. Nikamkumbusha habari ya mayai na kapu, jambo ambalo mtu mwenye utu hamwambii mwenzake wakati ule, lakini mimi nilimwambia, na ningeweza kumwambia tena. Alisema nembo za shule si neno, nguo zipo, atazichora upya. Hakulitaja ua. Alichukua penseli na karatasi, akaanza kulichora kwa mkono, na mkono ukamkataa. Nikaondoka nikaenda kusimama mlangoni, maana kuiona ile penseli ikitetemeka kulinishinda.

Jioni tukakaa nyumbani watatu, mimi, mume wangu na yeye, na karatasi katikati. Mume wangu alijaribu utani mmoja, ukafia njiani. Akasema basi tulichore kwa kumbukumbu, kwani petali tano ni kitu gani. Tukafika kwenye petali fupi. Mume wangu akasema ilikuwa ya kushoto, anaikumbuka kama jana. Mimi nikasema ya kulia, mimi ndiye niliyefua. Wifi yangu, aliyehesabu ua lile uzi kwa uzi, akasema ya juu, halafu akasema hapana, halafu akasema hajui. Ndugu wawili wa tumbo moja wakaanza kugombana kuhusu ua la mama yao mpaka kila mtu akabaki anatazama ukuta wake. Ilikuwa kana kwamba bibi yule amefariki upya, na safari hii sisi ndio tuliomwangusha.

Asubuhi simu ikalia tukiwa tunafungua duka. Kifungua mimba wangu amejifungua mtoto wa kike, wazima wote wawili. Nilipiga vigelegele mpaka muuza vitabu wa jirani akatoka nje. Wifi yangu alinikumbatia, jambo la nadra, kisha akaingia ndani, akachukua lile blanketi jeupe, akalikunjua juu ya meza yangu ya pasi, akalitazama pale pembeni palipo patupu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba atashona jina la mtoto tu. Jina ni zuri, akasema. Akaenda kuwasha kompyuta.

Ting.

Nakwambia, kengele ile ilinikuta na furaha na uchungu vyote pamoja, nikapata wa kumtolea. "Hicho kidude chako kina njaa gani?" nikamwambia. "Kimekula maua yote, hakikuacha hata jani, na bado kinalalamika kimejaa. Kimejaa nini?"

Akageuka. Nilidhani leo ndiyo leo, nitafukuzwa.

"Rudia," akasema.

Nikarudia, safari hii kwa adabu. Kwamba kama maua yangekuwa yameondoka, nafasi ingebaki. Mtu akihama chumba, chumba kinabaki kitupu. Sasa hiki kimejaa nini, kama si maua?

Alifungua dirisha lake jeusi, akaiuliza kompyuta hesabu ya kila diski. Nilisogea nikasimama nyuma yake bila kukatazwa. Diski mpya: tupu. Diski ya zamani: imejaa pomoni, vilevile kama kabla hajaigusa. Akatazama mistari ile miwili. Kisha akainuka, akaja kwenye meza yangu ya pasi, akalishika lile blanketi jeupe alilolikunjua, akalinyanyua taratibu. Chini yake palikuwa na makoti mawili ya manesi niliyokuwa nimeyapiga pasi jana. Akalishusha blanketi. Makoti hayaonekani. Akalinyanyua. Makoti haya hapa.

"Hayajaenda popote," akasema. "Nimeyafunika."

Kumbe ndivyo Linux ilivyo. Ukiiambia diski mpya ikae kwenye folda yenye vitu, haigombani na vitu vile, haivifuti, inakaa juu yake tu. Unachokiona ni diski mpya na utupu wake. Vya zamani vipo chini palepale, vimelala, vinakula nafasi, na ndiyo maana kengele haikunyamaza. Alirudi kwenye kiti akaandika amri moja fupi, ya kuiondoa diski mpya mahali pale. Akakosea herufi, akafuta, akaandika tena. Akaifungua folda.

Yalirudi yote. Nembo za shule, majina ya manesi, mawaridi ya mashuka, safu kwa safu mpaka chini ya kioo, na katikati yao jina la faili la ua la mama mkwe. Wifi yangu akacheka. Namjua mwanamke huyu tangu nikiwa mwari, na sikuwahi kumsikia akicheka vile, kicheko cha tumboni, ameshika meza. Mimi ndiye niliyelia. Akanipa leso, halafu baada ya muda akanikumbusha niirudishe mahali pake.

Kisha alifanya kazi kama fundi alivyoelekeza tangu mwanzo. Diski mpya akaipa folda yake yenyewe, tupu, akanakili maua yote humo, akafungua moja moja kuhakikisha, isipokuwa ua la Mama, alilosema tutaliona likishonwa. Nikamwuliza sasa atafuta yale ya kwenye diski ya zamani, ili yawe mahali pamoja. Alifikiri sana. Akasema atafuta nembo za shule zilizofungwa, na takataka nyingine, lakini ua la Mama litakaa kote kuwili. Nikataka kusema kitu kuhusu kapu na mayai. Akanitazama. Nikaenda kupasha pasi moto.

Mchana akalibana blanketi kwenye fremu ya mashine, akachagua uzi wa zambarau ule aliokuwa akiutumia mama yake, akabonyeza. Sindano ikashuka. Ikashona kikonyo, ikashona petali ya kushoto, ndefu. Mume wangu, aliyekuwa amefunga kazi zake mapema na kuja kukaa mlangoni, akaguna. Ikashona ya kulia, ndefu, nikaguna mimi. Zikaja mbili za juu, ndefu zote, na wifi yangu akajikuna kichwa. Halafu sindano ikashuka pale chini, karibu na kikonyo, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyepataja, ikashona petali ndogo, fupi, iliyokatika kama sentensi ya mtu aliyeitwa ghafla. Mashine ikasimama.

Tulikwenda kwa mzazi watatu pamoja. Binti yangu alikuwa amekaa kitandani, amechoka na anang'aa, akamwambia shangazi yake alete blanketi karibu. Wifi yangu akamfunika mtoto mwenyewe. Mume wangu, ambaye hajawahi kuingia chumba chochote bila utani, akainama, akapitisha kidole kwenye petali ile fupi, akakipitisha tena.

"Kumbe ni ya chini," akasema. "Tungelichora sisi watatu, tungemchora mtu mwingine, si Mama."

Wifi yangu akamshika bega ndugu yake. Binti yangu akauliza tunaongea kuhusu nini. Basi nikamchukua mjukuu wangu nikampakata, maana kulikuwa na upepo dirishani. Shali yangu nikamzungushia miguuni tu, pembe ya blanketi yenye ua nikaiacha nje.